Re: Chai nne za viungo zote naonja tangawizi tu, nakosea wapi?

Pole dada, hiyo ya kununua chai ya iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi pale soko la Kilombero hapa Arusha halafu zote zikaja ladha moja hata mi ilinikuta. Sukari na maziwa ndo vinafunika, na nahisi unaanza na ile kali.

Kesho chukua vikombe vinne vinavyofanana, weka majani gramu 2 kwa mililita 100 za maji, ndo kipimo cha waonjaji wenyewe, mimina maji yakiwa yanachemka kabisa (Arusha tuko juu, yanachemkia kama nyuzi 95 tu so usiyaache yapoe), funika dakika 6, chuja. Nusa kwanza kisha vuta kwa kelele kama babu na uji wa moto. Anza na iliki, mdalasini, tangawizi, karafuu mwisho kabisa maana inatia ulimi ganzi, ukiitanguliza ndo basi tena.

Maji ya bomba sehemu nyingi huku yana floridi nyingi (madini yanayoharibu meno yakizidi) na kuchemsha hakuitoi, bora ya chupa. Na kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, hiyo tangawizi ya kila siku muulize daktari kwanza.