Kuwinda Pongo Mwanzoni mwa Kiangazi

Wanaopata kibali cha kuwinda pongo, swala wa vichakani, kwenye mashamba ya mifugo yanayopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo nchini Uganda huniuliza kwanza habari za bunduki, nami huwajibu kwamba mwezi wa Juni, nyasi zikiwa bado ndefu, bunduki si jambo la kwanza. Mvua zikiwa ndiyo kwanza zimekatika, maji hupatikana kila bonde, kwa hiyo kuvizia kwenye dimbwi kama ifanyikavyo Agosti ni kupoteza asubuhi nzima. Pongo hulala kichakani, hutoka alfajiri kula majani machanga pembeni, na jua likipanda hurudi. Tafuta ukingo wa kichaka.

Upepo ndio mwamuzi. Mimi hubeba majivu laini ndani ya soksi kuukuu. Nikiitikisa kidogo, vumbi lake hunionyesha hewa inakoelekea. Alfajiri hewa ya baridi huteremka bondeni, hivyo anayepanda kilima huwa na upepo usoni, lakini jua likishaupasha moto mteremko, hewa hugeuka na harufu yake humtangulia. Pongo akiinusa hubweka kama mbwa, na hapo ni heri mrudi mkanywe chai.

Uwindaji huu, uliopigwa marufuku mwaka 1979, uliruhusiwa tena kwa majaribio mwaka 2001, hapa hapa Mburo, kwa vibali vya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Kwangu kibali hakimpi mtu ruhusa ya kubahatisha: bega la dume lisipoonekana wazi, usifyatue, maana pongo aliyejeruhiwa hujibanza kichakani na kumgeukia anayemfuata, na pembe zake, ingawa fupi, zinaua.

Ukishapiga, usitazame ardhini tu. Katika nyasi ndefu damu hubaki kwenye mabua, na kimo chake hukuonyesha mahali risasi ilipoingia au ilipotokea. Damu nyangavu yenye povu ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Yenye uchafu wa majani yaliyotafunwa ni ya tumbo, nayo hutaka msubiri saa kadhaa kabla ya kumfuata, hata kama mgeni wako ana haraka.

Nyama nayo haisubiri joto. Toa matumbo pale pale, panua mbavu kwa kijiti ili hewa ipite, itundike kivulini, wala usiifunike kwa turubai garini.