Shusha hilo gunia kabla hujalizoea

Mkuu, shusha hilo gunia la kupiga ngumi leo. Umesema mshauri wako amekwambia ulipige kila shemeji yako anapokuudhi, "mpaka hasira zitoke". Uliyouliza kuhusu bei ya ushauri, na kama uende na mkeo, yasubiri. Kwanza gunia.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena nikayalipia. Yule bwana alidai hasira ni mvuke ndani ya sufuria, usipoufungulia utarusha kifuniko. Nikafunga gunia kwenye mwembe nyuma ya nyumba, kwa mnyororo wa chuma. Kila jioni napiga, namwona usoni mshirika wangu aliyekula mtaji wa duka. Miezi minne! Naingia ndani moyo unadunda, nikikuta mboga imezidi chumvi, nawaka. Kumbe nilikuwa nafanya mazoezi ya kukasirika. Jioni moja nikageuka kuchukua maji, nikamwona binti yangu wa miaka saba amemshika mdogo wake mkono, wanatoka getini. Mama yao akaniambia ni kila siku: mnyororo ukianza kulia wanakwenda kwa jirani, ukinyamaza wanarudi.

Yule mshauri sijamsamehe, kwa sababu jambo hili halikuwa siri. Mtafiti Brad Bushman wa Marekani alichapisha jaribio lake mwaka 2002: waliopiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Mwaka 2024 yeye na mtafiti mwenzake Sophie Kjærvik walipitia tafiti 154, wakaona kinachopunguza hasira ni kile kinachotuliza mwili. Hata kukimbia hakukusaidia.

Dada aliyenitibu baadaye alinipa daftari. Niandike kilichotokea, mwili ulianzaje, nikawaza nini. Wiki ya tatu nikajiona: kabla sijafoka, taya zinakaza na masikio yanapata moto. Kila mara. Na wazo ni lilelile, "huyu ananidharau", hata kama mtu kachelewa tu kupokea simu.

Basi shika hili moja: taya zikikaza, kaa chini, vuta pumzi taratibu, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, usiseme neno mpaka zilegee. Shemeji utamwambia yako yote, ila baada ya hapo.

Na ukimpata mshauri mwingine, muulize kabla hujatoa hela: nikikasirika utanifundisha nifanye nini? Akikwambia upige kitu, aga uondoke.