Maswali ya Wajaza Risasi: Fataki, Baruti na Ghala la Nyumbani

Maswali ya mwezi huu yametoka kwa wenzetu walioko Marekani, ambako kujaza risasi nyumbani, yaani kuunda risasi mpya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, kwa ajili ya kulenga shabaha ni burudani halali. Majibu basi ni ya sheria na maduka ya huko. Nachukulia kwamba unaijua tofauti ya ganda, fataki (kiwashio kidogo cha kitakoni mwa ganda), baruti na kichwa (kile kinachoruka). Asiyeijua aanze na kitabu cha vipimo, arudi hapa baadaye.

Watu wanasema uhaba unarudi. Nikusanye fataki ngapi na baruti kiasi gani? Napiga bastola ya milimita 9 na bunduki ya .308.

Swali hili linakuja kila mwezi, na kila mwezi muulizaji anaacha jambo moja: anapiga risasi ngapi kwa mwaka? Bila namba hiyo mimi na wewe tunapiga ramli.

Tuseme ni 1,800 za bastola na 300 za bunduki. Akiba ya miaka miwili inakuwa fataki ndogo za bastola 3,600, yaani visanduku vinne vya elfu moja, na fataki kubwa za bunduki 600, kisanduku kimoja, na ziada inabaki. Baruti inahesabiwa kwa grani, na paundi moja ina grani 7,000. Kitabu kikikupa grani 5 kwa bastola, paundi inatoa risasi 1,400. Paundi tatu zinakutosha. Kikikupa grani 42 kwa .308, paundi inatoa risasi 166 tu, na miaka yako miwili inataka paundi nne. Namba hizo za grani ni za kufanyia hesabu, usizipeleke mezani. Kipimo chako kinatoka kwenye kitabu, kwa kichwa chako na baruti yako.

Sasa angalia upande wa pili wa rafu. Una vichwa vingapi? Maganda je? Kila ninapoletewa orodha ya akiba naona ulemavu uleule: fataki 10,000, baruti ya kuzitosheleza robo, vichwa mia nne vya uzito usiofanana. Akiba hiyo ni risasi mia nne. Kilichopungua kuliko vyote ndicho kinachoamua una risasi ngapi, kwa hiyo pesa ya mwezi huu inakwenda huko.

Kuhusu uhaba wenyewe, si uvumi mtupu. Rafu zilikuwa tupu 2013, zikawa tupu tena 2020 hadi 2022, na kisanduku cha fataki elfu moja kilichokuwa dola 30 hadi 40 kikauzwa mkononi kwa dola 100 na zaidi. Sababu inaeleweka. Majina makubwa ya fataki za Marekani ni manne: CCI, Federal, Remington na Winchester. Remington iliomba kufilisika Julai 2020, na biashara yake ya risasi ikachukuliwa na Vista Outdoor, iliyokuwa tayari na CCI na Federal. Tangu mwishoni mwa 2024 zote tatu ni mali ya Czechoslovak Group ya Ucheki. Soko likichachamaa, mwenye kiwanda huweka fataki kwenye risasi zake kamili kwanza, maana ndiko kwenye faida. Sisi wa kujaza nyumbani tunapewa kinachobaki. Upande wa baruti, vita vya Ukraine vimeifanya nitroselulosi igombaniwe na majeshi.

Lakini nusu ya uhaba tunautengeneza wenyewe. Mtu anayepiga risasi 500 kwa mwaka akinunua fataki 20,000 siku ya taharuki, amejiwekea ya miaka arobaini na kumnyima kijana anayeanza leo. Nunua kidogo kidogo wakati bei imetulia. Ukiagiza uletewe nyumbani, kumbuka kuna ada ya mzigo wa hatari, kati ya dola 20 na 50 kwa shehena, kwa hiyo agizeni watu watatu kwa pamoja, fataki na baruti katika mzigo mmoja duka likiruhusu. Na usinunue kopo la paundi nane la baruti ambayo hujawahi kuijaribu. Anza na paundi moja. Bunduki yako ikiikataa, umepoteza moja.

Kopo moja la paundi nane au makopo manane ya paundi moja?

Ukishaijaribu na kuipenda, la paundi nane. Lote ni loti moja, yaani mkupuo mmoja wa kiwandani, na huna haja ya kupima upya kila paundi. Kumbuka tu: loti mpya, hata ya jina lilelile, inaweza kuwaka kwa kasi tofauti kidogo. Aliyekuwa akitumia kipimo cha juu ashuke asilimia 10, apande taratibu akitazama dalili za shinikizo. Na andika tarehe ya kufungua juu ya kopo kwa kalamu isiyofutika.

Ninaweza kuweka baruti kwenye yale masanduku ya chuma ya kijeshi yenye mpira mdomoni? Hayaingizi unyevu.

Hapana. Hayaingizi unyevu, na hayatoi gesi pia. Hilo la pili ndilo litakaloua mtu. Baruti isiyo na moshi, hii yetu ya risasi za kisasa, ikiwa wazi inaungua kwa moto mkali. Ikifungiwa ndani ya chuma kisichopumua, gesi inakosa njia, shinikizo linapanda, kasi ya kuungua inapanda nalo, na sanduku linapasuka. Kopo la plastiki la kiwandani limetengenezwa lifumuke mapema, ndiyo maana ni jepesi vile. Wanaosema "kopo la bei rahisi" hawajafikiri. Sefu ya chuma ya kuhifadhia bunduki ina tatizo lilelile. Kabati la mbao kavu, lenye kufuli, mbali na jiko, tanuri la kupashia nyumba na mashine ya maji moto, linatosha. Masanduku ya jeshi yaachie risasi zilizokamilika.

Kisheria naruhusiwa kuweka kiasi gani nyumbani?

Miji na majimbo mengi yanafuata kanuni namba 495 ya NFPA, chama cha Marekani cha kinga ya moto. Baruti isiyo na moshi hadi paundi 20 inakaa ndani ya makopo yake ya asili. Kuanzia 20 hadi 50 inatakiwa kuwa ndani ya kasha au kabati la mbao lenye kuta za unene wa inchi moja. Fataki zisizidi 10,000. Baruti nyeusi, ya magobore, inahesabiwa kama kilipuzi na ina masharti yake, usiichanganye na hesabu hii.

Jiji lako linaweza kuwa kali zaidi ya hapo. Piga simu ofisi ya zimamoto ya eneo lako kwa namba isiyo ya dharura, uliza. Mwenye kukaa nyumba ya kupanga asome mkataba, na kila mtu asome bima yake ya moto, kwa sababu kampuni ya bima haitakuuliza unapenda michezo gani; itauliza kulikuwa na paundi ngapi.

Naweza kumimina fataki zote kwenye chupa moja ya kioo ili nisijaze nafasi?

Utakuwa umetengeneza bomu. Trei za kiwandani zinazitenganisha makusudi, moja ikilipuka isiamshe jirani yake. Ziache kwenye trei zake, kabati tofauti na baruti, na usifungue trei ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Dukani hakuna baruti ya H4350, ila kuna IMR 4350. Si ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Namba zinafanana, kasi inakaribiana, vipimo vinatofautiana. Kila moja ina ukurasa wake kitabuni. Kuna jozi zilizo baruti moja yenye majina mawili, nazo zinajulikana: H110 na Winchester 296, HP-38 na Winchester 231. Nje ya jozi kama hizo, ambazo mtengenezaji mwenyewe amezitangaza, jina likibadilika kipimo kimebadilika.

Kwa kuwa nimeitaja H110: kanuni ya kuanza asilimia 10 chini haifanyi kazi kwake. Haitaki kupunguzwa zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo cha kitabu, la sivyo inawaka vibaya na kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ndiyo inayopasua bunduki. Ndiyo maana wakati wa uhaba naogopa zaidi wanaobadilisha baruti kiholela kuliko wanaokosa baruti kabisa.

Fataki ndogo za bastola zimeisha, nimepata ndogo za bunduki. Zinaingia.

Kuingia zinaingia, kwa sababu kipenyo ni kilekile. Kikombe cha fataki ya bunduki ni kinene zaidi, kwa hiyo bastola yenye springi laini itagonga bila kuwasha, na nguvu ya mwako nayo ni nyingine. Tumia tu pale kitabu kinapotoa kipimo kwa fataki hiyo. Kinyume chake ni hatari zaidi: fataki ya bastola ndani ya risasi ya bunduki hutoboka, gesi ikarudi nyuma usoni.

Kwa zile kubwa usijaribu kabisa. Fataki kubwa ya bunduki ni ndefu kuliko ya bastola. Ukiiweka kwenye ganda la bastola inachomoza, na inaweza kulipuka wakati kifungio kinajifunga.

Nimerithi makopo ya baruti ya zamani. Nitajuaje kama imeharibika?

Fungua, nusa. Nzima ina harufu ya kiyeyushi, kama spiriti au etha. Iliyoharibika inachoma pua kwa ukali wa asidi, na ukilitikisa kopo unaona vumbi au moshi wa rangi ya kahawia nyekundu. Kopo la bati likiwa na kutu ndani, ishara ni hiyohiyo. Usiiache kabatini ukisema utaitumia kwa mazoezi: kiwango cha kemikali ya kuituliza kimekwisha, inajipasha joto yenyewe, na inaweza kuwaka bila mtu kuigusa.

Kuitupa: peleka mahali pa wazi, mbali na nyumba na nyasi kavu, mahali ambapo kuchoma moto kunaruhusiwa. Tandaza rundo lisilozidi kina cha inchi moja na uzito wa paundi moja, weka utambi wa karatasi upate muda wa kuondoka, washa, simama upande upepo unakotoka. Isiingie kwenye takataka wala kwenye bomba la maji.

Kopo lisilo na lebo, au lenye lebo ya kuandikwa kwa mkono juu ya lebo nyingine, linakwenda njia hiyohiyo hata likinukia vizuri. Baruti haitambuliki kwa macho. Punje zinazofanana kabisa zinaweza kuwa moja ya bastola na nyingine ya bunduki kubwa.

Nipo hapa kwa viza ya mwanafunzi. Bunduki sina, ila nataka kuanza kukusanya vifaa vya kujaza polepole.

Simama hapo hapo. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Wengi hawajui kwamba sheria hiyohiyo inaposema "risasi" inajumlisha maganda, fataki, vichwa na baruti. Kisanduku cha fataki peke yake kabatini kinatosha kukuharibia viza na kukupeleka mahakamani. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Wewe ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kununua hata ganda moja, na usimwamini rafiki wa uwanjani anayesema "mbona mimi niliwahi."

Mjomba yuko Arusha ana bunduki yenye leseni. Naweza kumbebea fataki na paundi moja ya baruti kwenye begi?

Hapana, kwa begi la mkononi wala la chini. Fataki na baruti haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Kuzipeleka nje ya Marekani kunahitaji kibali, na Tanzania kama Kenya utengenezaji wa risasi uko chini ya leseni. Leseni ya kumiliki bunduki haimpi mjomba ruhusa ya kujaza. Mjomba anunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kwa idadi anayoruhusiwa.

Wenzangu wa uwanjani wanataka niwajazie, wanilipe gharama tu.

Kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni. Kujaza kwa ajili ya kuuza kunahitaji leseni ya shirikisho ya aina ya 06, dola 30 kwa miaka mitatu, na juu yake kuna ushuru wa asilimia 11. "Gharama tu" ni neno ambalo wakili wa mtu aliyepoteza jicho atalichezea vizuri sana. Mwalike mwenzako ajaze mwenyewe kwenye mashine yako, ukiwa umesimama naye.

Naruhusiwa kujazia kwenye meza ya jikoni? Watoto wakishalala.

Fataki zilizokwisha kupigwa zina mabaki ya risasi, ile metali yenye sumu, na vumbi la mashine ya kusafishia maganda limejaa hiyo hiyo. Haionekani, na mtoto ataila kesho na chapati. Tafuta meza nyingine, hata ya gereji. Mashine ya kusafishia ifunguliwe nje, meza ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiwa, mikono ioshwe kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chochote.

Nikichoka katikati, naweza kuacha baruti kwenye kipimio hadi kesho?

Irudishe koponi usiku huohuo. Kesho utakuta punje bila jina, na baruti zenye nitrogliserini hula plastiki ya kipimio. Kopo moja tu mezani kwa wakati mmoja.