Maji ya Mwanza hayafiki mia: nilivyoanza kusoma sayansi nina miaka 38

Mwaka juzi nilinunua themomita ya kidijitali, ile yenye sindano ndefu, kwa ajili ya kazi. Mimi ni fundi friji, kijiwe changu kiko Mabatini hapa Mwanza, na kuna mteja mwenye mafriza ya samaki alikua ananisumbua kila wiki eti friza haigandishi, nikaona bora nipime kuliko kubishana kwa kushika na mkono. Fundi mwenzangu akanambia usiiamini kabla hujaijaribu, itumbukize kwenye maji ya barafu isome sifuri, afu kwenye maji yanayochemka isome mia. Kwenye barafu ikasoma sifuri, safi kabisa. Kwenye sufuria linalotokota ikagota 96. Nikaongeza moto, 96. Nikafunika, nikasubiri, nikaongeza moto tena mpaka maji yanarukia jikoni, 96. Nikairudisha dukani siku ileile nimefura, jamaa wa watu akanibadilishia bila maneno mengi, nikaenda na nyingine nyumbani na yenyewe ikasoma 96.

Kumbe zote zilikua nzima. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo sisi huku hewa inayotukandamiza kutoka juu ni pungufu kuliko ya watu wa Dar na Tanga, na maji yakikandamizwa kidogo yanachemka mapema. Kila ukipanda kama mita 300 unapoteza kama digrii moja hivi. Hiyo mia tuliyoimba shuleni ni ya pwani. Kule kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanachemka kwenye 80 na kitu, yaani maharage utayapika mpaka mkeshe.

Haya niliambiwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu anayekaa mtaa wetu, na yeye wala hakunijibu moja kwa moja, aliniuliza tu "Fundi, hiyo mia waliipimia wapi?" Nikakosa jibu. Nina miaka 38, shule niliishia form two ada ilipokata, nimetengeneza mafriji miaka 15, na sijawahi kujiuliza mia imetoka wapi. Nikaenda nyumbani sina raha.

Sasa nieleze kitu ambacho naona watu wengi wanakikosea wakianza kusoma sayansi ukubwani. Tunajidai tunaanza na kichwa kitupu, "mi sijui kitu, nifundishwe". Sio kweli. Kichwa cha mtu mzima kimejaa, kina majibu ya kila kitu, ya kijiweni, ya bibi, ya redioni, na hayo majibu yamekaa kimya hata hujui kama unayo mpaka kitu kikugomee kama ile 96. Mtoto akiambiwa anameza. Wewe ukiambiwa unatikisa kichwa ndio ndio afu unaondoka na imani yako ileile ya zamani.

Mfano wa aibu yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi niliamini gesi ya friji inaliwa kama petroli. Mteja analeta friji haipozi, nampima, gesi imepungua, namjazia, nachukua hela, mwakani anarudi tena namjazia tena, na ninamwambia kwa kujiamini kabisa "gesi imeisha mama, ni kawaida". Si kawaida. Ile gesi inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, haitumiki na haichakai, ikipungua basi kuna mahali inavuja. Kuna mafundi wanalijua hilo toka siku ya kwanza, mi sikulijua, na wale mama zangu niliowajazia kila mwaka bila kutafuta tundu naomba mnisamehe sana.

Basi dawa niliyoipata ni daftari. Daftari la kawaida la kuandikia, nimepiga mstari katikati, kushoto naandika NADHANI, kulia NIMEONA. Kabla sijasoma sura yoyote au kupima chochote naandika kwanza upande wa kushoto ninachodhani kitatokea, na naandika kwa kalamu ya wino ili nisije kujidanganya baadae kwamba "nilijua". Hiki kitu kinauma jamani. Kurasa za mwanzo upande wa kushoto karibu zote ni uongo mtupu. Lakini nikishaandika na kikakataa, sikisahau tena, wakati vile nilivyosoma tu kwa kupitisha macho vilitoka kama maji kwenye tenga.

Nilivyoanza vibaya ni kama wengi wanavyoanza. Nilinunua kitabu cha fizikia cha form five kwa wauza vitabu vya mitumba, kinene, nikaona huo ndo uanaume, nikafika ukurasa wa nane. Afu nikaingia YouTube, bando likaisha, video zenyewe zina picha nzuri na muziki na mtu unaona kama umeelewa, simu ikizimwa ukiulizwa hujui kitu. Wiki tatu nikaacha.

Mwalimu ndo akanambia nenda kachukue cha darasa la tano. Nilikasirika kidogo. Lakini vile vitabu vya Sayansi na Teknolojia vya shule ya msingi viko kwa Kiswahili, na Taasisi ya Elimu Tanzania wameviweka kwenye maktaba yao ya mtandaoni unasoma kwenye simu, au unaazima kwa mtoto wa jirani akilala. Nilimaliza cha darasa la tano, la sita na la saba ndani ya miezi minne, nusu saa kila siku kabla sijafungua kijiwe, na sijutii hata kidogo maana nilikua na matundu huko chini ambayo nisingeyaona kamwe nikiwa juu ya form five.

Na lugha, hapa nisimame kidogo. Shuleni nilikatwa mguu na Kingereza, form one unaingia unaambiwa pressure unakariri pressure, huku mtaani presha ni ugonjwa wa mama mkwe. Kwenye vitabu vya Kiswahili pressure wanaita kanieneo. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka, neno gani hili. Afu nikaliangalia: kani, yaani nguvu ya kusukuma, na eneo. Kani ikigawanywa kwa eneo. Jamani maana yenyewe imekaa ndani ya jina! Kisu kikali kinakata kwa sababu makali yake ni eneo dogo, nguvu ileile ya mkono inasukumwa kwenye uzi mwembamba. Usanisinuru hivyohivyo, mmea unatengeneza chakula chake kwa nuru. Ukishaelewa kwa Kiswahili nenda kachukue na jina la Kingereza, utalihitaji, kwenye mitihani na kwenye vifaa vya kazi ndo limeandikwa hilo, ila usianze nalo.

Jaribio lililonibadilisha kabisa halikunigharimu kitu zaidi ya gesi ya kupikia. Maji nusu lita kwenye sufuria, moto usiobadilika, saa ya simu. Swali: yakishaanza kuchemka, yatachukua mda gani mpaka yakaribie kukauka? Upande wa kushoto niliandika "dakika 10". Kuchemka yalichukua dakika 6. Kukauka nikangoja, nikangoja, dakika 20, dakika 30, mke wangu akaja akaangalia sufuria akaniangalia na mimi, "Baba, gesi hiyo unanunua wewe?" Ikapita 40. Na mda wote huo themomita iko 96 haipandi! Sasa ule moto wote dakika 40 ulikua unaenda wapi kama maji hayapati joto zaidi?

Ulikua unageuza maji kuwa mvuke, basi. Kilo moja ya maji kuipandisha kutoka sifuri mpaka mia kunahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) kama 420. Kilo hiyohiyo kuigeuza yote mvuke kunataka kama 2,260, zaidi ya mara tano. Kitu kinachochemka au kukauka kinakula joto kwa wingi wa ajabu, na joto hilo lazima kilichukue mahali. Ndo maana ukitoka kuoga ziwani unasikia baridi hata kama jua linawaka, na ndo maana mtungi wa bibi ulikua unapoza maji, yanapenya kwenye udongo yanakauka nje na yanachukua joto la ndani.

Nikiwa nafikiria mtungi ndo nikajikuta nimesimama katikati ya kijiwe changu naangalia friji kama sijawahi kuliona. Ile gesi ya friji inayoitwa R134a ukiiacha tu kwenye hewa ya kawaida inachemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Friji ni kama lile sufuria langu, kitu kinachemka ndani yake! Kompresa inaikandamiza gesi, inapata moto, inapita kwenye yale mabomba ya nyuma inatoa joto nje na kuwa kimiminika, afu inapita kapilari, kale kabomba kembamba, presha inashuka ghafla, na presha ikishuka nini kinatokea? Kinachemka mapema, kama maji ya Mwanza! Kinachemka kwenye baridi kali na joto la kuchemkia kinalichukua kwenye sangara wako. Miaka 15 nabadilisha kapilari na nilikua najua tu kwamba ikiziba friji halipozi.

Ile 96, sufuria la presha linaloivisha maharage haraka kwa sababu ndani presha ni kubwa na maji yanafika kama 120, na friji, vyote ni habari moja. Wewe mshona nguo, mama lishe, bodaboda, kwako kuna kitu cha hivyo, anzia hapo kwenye kazi unayoijua kwa mikono, sio kwenye sayari. Sayari zitakungoja. Na faida niliipata hapohapo, siku hizi mteja akisukuma friji likagusana na ukuta namueleza joto linakosa pa kutokea, na yule aliyekua anaacha mlango wazi usiku ili chumba kipoe nimemweleza anakipasha, maana joto lote linalotoka ndani linatupwa nyuma ya friji mulemule chumbani pamoja na la umeme wa kompresa juu yake.

Sio kila kitu kitakubali lakini. Mnamjua Erasto Mpemba, mwaka 1963 akiwa mwanafunzi shule ya Magamba kule Lushoto aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa wa moto ukaganda kabla ya uliopoa, akauliza akachekwa, baadae akiwa shule ya Mkwawa Iringa akamuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar, wenzake wakacheka tena, Osborne akaenda kujaribu, na 1969 wakaandika makala pamoja. Mi nilijaribu kwenye friza tatu tofauti, za moto na za baridi. Zote tatu ya baridi iliganda kwanza. Niliumia, nilitaka sana Mpemba ashinde. Baadae nikajua wanasayansi wenyewe mpaka leo wanabishana lini inatokea na kama kweli inatokea, inategemea chombo, maji, friza ilivyo. Kwahiyo kulia nimeandika "haijatokea kwangu", na kushoto sijafuta.

Jingine nililolipenda ni la mvua. Wavuvi wa dagaa watakwambia ziwani dhoruba ni usiku na alfajiri, huku mjini mawingu mazito tunayaona mchana na jioni. Niliweka beseni la mchanga na beseni la maji juani toka saa nne. Saa nane mchana mchanga 47, maji 31. Saa tatu usiku mchanga ushapoa kuliko maji. Basi mchana nchi kavu ndo ya moto na hewa inapanda juu yake, usiku ziwa ndo lina joto na hewa inapanda huko, upepo unatoka nchi kavu kwenda kukutania katikati ya ziwa. Nilimwambia mvuvi mmoja wa Kirumba akanijibu "sasa si ndo nilivyokwambia". Sawa, alivyonambia, ila sasa najua kwanini.

Mengine kwa haraka. Tafuta mtu mmoja wa kukuuliza maswali, kuliko kumi wa kukujibu. Hesabu usizikimbie, kugawanya, asilimia na kuchora grafu vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Kama unataka cheti kuna njia ya QT, ule mtihani wa wasiomaliza sekondari kabla ya kufanya wa form four, mi sijaifuata bado, nasomea raha yangu kwanza. Na majaribio ya kuunguza, ya umeme wa ukutani, na kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi usiguse kabisa, ile inatoa gesi ya klorini na inaua.

Mwezi wa kumi na mbili tuna harusi Dar, themomita ishaingia kwenye begi. Kushoto nimeandika 100. Mke wangu kachukua kalamu kaandika chini yangu 96, anasema kipimo ni kibovu tu na shemeji zake wasije kuona mtu anachemsha maji ya bure kwenye nyumba ya harusi.