Maswali yenu kuhusu saa za kale na mbao kuukuu

Nimerithi saa ya ukutani ya babu, ile ya pendulamu, kile kining'inio kinachobembea. Nikiitia ufunguo inatembea dakika chache inasimama. Imekufa?

Haijakufa ndugu yangu, nyingi zinasimama kwa sababu zimetundikwa upande tu. Kaa kimya uisikilize, tik na tak zinatakiwa ziachane kwa muda ule ule, ukisikia moja inawahi nyingine inachelewa basi sogeza sehemu ya chini ya saa kidogo kidogo kushoto au kulia mpaka zilingane, hata kama kwa macho inaonekana imepinda, hapa masikio ndo yanaamua. Ikigoma bado, huenda mafuta ya ndani yamekauka yananata, na hapo naomba sana usipulizie mafuta ya kopo, yanasambaa kila mahali yanakamata vumbi halafu hilo vumbi linakula vyuma kama msasa. Mpe fundi saa aifungue yote aisafishe, wewe usiifungue, springi iliyojazwa ikifyatuka inaumiza vibaya. Ikishatembea, chini ya pendulamu kuna nati: ukiipandisha saa inaenda mbio, ukiishusha inapunguza mwendo, manake urefu wa pendulamu ndo unapanga kila kitu. Pendulamu inayotumia sekunde moja kwenda upande mmoja ina urefu wa karibu sentimita 99, na kanuni ni ile ile ya tangu Christiaan Huygens wa Uholanzi alipobuni saa ya pendulamu mwaka 1656. Mimi hilo linanifurahisha sana, kitu cha karne ya 17 unakirekebisha kwa vidole viwili.

Muuzaji anasema saa ina miaka 150. Nitajuaje?

Angalia mgongoni na ndani, usoni ndo sehemu rahisi kubadilishwa. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwahiyo ukizikuta jua saa ni ya baadaye au kuna mtu kaichokonoa. Pia soma maandishi, kama imeandikwa nchi ilikotengenezwa mara nyingi ni ya baada ya 1887, mwaka ambao Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, Marekani nao wakafuata na ya kwao 1890. Beba na sumaku ndogo, shaba halisi haishiki, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinashika. Na matundu ya skrubu yasiyo na kazi yanakwambia mashine ya ndani ilishabadilishwa.

Saa yangu ya mezani ilikuwa inang'aa gizani, siku hizi haing'ai. Nikwangue nipake rangi mpya?

Hapana, tafadhali sana! Rangi za namna hiyo zilichanganywa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, mpaka miaka ya 1960. Kilichochoka ni kile kitu kinachotoa mwanga, radiamu yenyewe bado ipo, inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo, usikwangue, usimpe mtoto achezee.

Nimepata mbao za nyumba iliyobomolewa, nataka meza. Nianze na msasa?

Anza na sumaku na koleo, dada. Msumari mmoja uliojificha unaua msumeno, na ukiutoa usiutupe, wenye pande nne na kichwa cha kufuliwa kwa nyundo ni wa zamani kuliko hii ya waya wa mviringo. Halafu gonga ubao, ukiona unga laini unadondoka kwenye vitundu basi bungua bado wako kazini, tibu kwanza kabla hujauingiza ndani. Rangi ya zamani ipime kama ina madini ya risasi (lead) kabla hujaisugua, vumbi lake ni sumu. Mataruma ya reli achana nayo kabisa kwa meza ya chakula, yamelowekwa kreosoti, dawa ya kuhifadhi mbao yenye sumu. Mbao zikishasafishwa ziache wiki kadhaa kwenye chumba zitakapokaa, zizoee hewa ya hapo, la sivyo meza itapinda ikishamalizika.

Kuhusu msasa wenyewe, piga kidogo tu. Ile mistari ya msumeno, iliyonyooka ni ya msumeno wa kupanda na kushuka, yenye upinde ni ya msumeno wa duara, ndo historia ya ubao wako, ukiiparaza yote umebaki na mbao kama ya dukani na mimi roho inaniuma nikiona hivyo. Toa uchafu, lainisha pale panapochoma mkono, paka nta, basi.

Nikirudisha mishale nyuma naharibu saa?

Kama inapiga kengele, ndiyo unaweza kuharibu, nyingi hazikutengenezwa kwa hilo. Peleka mshale wa dakika mbele polepole, usubiri kengele imalize kila unapofika, au isimamishe pendulamu usubiri muda uikute.