Amplifaya ya pili haitakusaidia kama krosova hujaigusa

Juzi jamaa kanitumia meseji: "Kaka, spika zangu nyuma zina sehemu nne za kufungia waya, nimeshapata hela ya amplifaya ya pili, sawa na ile niliyonayo, nikifunga moja juu moja chini si mziki unaongezeka mara mbili?" Nikacheka kidogo halafu nikanyamaza. Swali hilohilo nimewahi kuliuliza mimi mwenyewe, na aliyenijibu alikuwa na amplifaya ya kuuza.

Alinijibu ndiyo, bila shaka. Basi nikabeba mzigo mpaka nyumbani, nikang'oa vile vibati vinavyounganisha sehemu za juu (trebo) na za chini (besi) (vitoe kabisa jamani, ukivisahau pale matokeo ya amplifaya mbili yanakuwa yamegusana na mojawapo inaweza kuungua hata wimbo wa kwanza haujaisha), nikafunga waya nikakaa. Nikasikia utofauti mkubwa ajabu! Wiki nzima naita watu waje wasikilize. Mpaka mdogo wangu akaniambia kaka hebu geukia ukutani, mi nabadilisha waya huku wewe unataja ni amplifaya moja au mbili. Tukafanya mara 10. Nikapatia 5. Yaani hata ningerusha sarafu ningepata hivyohivyo, na yule mtoto hadi leo akija kwangu lazima aulize "amplifaya ngapi leo?"

Sababu ni kwamba krosova ya ndani ya spika, yaani kile kifaa kinachogawa besi na trebo, bado iko palepale. Amplifaya zote mbili zinapokea mziki mzima, besi na trebo, zinaukuza wote, halafu ile krosova ndo inachuja baadaye. Hiyo ya juu kazi imeipungukia kidogo, basi. Na hata wati zikiongezeka kweli mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, wakati sikio kuhesabu kwamba sauti imekuwa mara mbili linataka kama desibeli 10, yaani wati mara 10.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi hasira zikanipanda, nikaamua kufanya ile yenyewe, krosova inakaa kabla ya amplifaya, kila amplifaya inapelekewa kipande chake tu na inaishika spika moja kwa moja bila kitu katikati. Nikanunua krosova ya kidijitali, nikafungua maboksi, nikaitoa ya kiwandani kwa koleo, nikaandika mpaka wa kugawia besi na trebo, herzi 2500, na mkato wa Linkwitz-Riley desibeli 24 kwa oktavu, yaani sauti inashuka desibeli 24 kila herzi zikivuka mpaka na kuongezeka au kupungua mara mbili. Huo mkato ni wa mainjinia wawili waliokuwa Hewlett-Packard, tangu 1976, na uzuri wake ni kwamba kwenye herzi za kukutania kila upande umeshuka desibeli 6 na pande zote zinakwenda pamoja, zikijumlishwa unapata mstari ulionyooka. Kwenye karatasi safi kabisa.

Nikabonyeza pleya. Muimbaji yuko ndani ya ndoo, twita (ile spika ndogo ya trebo) inakata masikio.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ile krosova niliyoing'oa haikuwa inagawa tu. Ilikuwa inaishusha twita, maana mara nyingi twita inatoa sauti kubwa kuliko wufa (spika ya besi) kwa umeme uleule, na ilikuwa inafidia besi inayozunguka nyuma ya boksi wakati sauti za juu zinakuja mbele. Mtu aliyetengeneza zile spika alipima akasahihisha, mimi nikavitupa vyote kwa mchana mmoja. Nikaanza kujifunza kupima, maiki ya vipimo na programu ya bure ya REW, miezi hiyo siwaelezei, haina utamu.

Halafu kuna gaini, yaani amplifaya inaukuza mziki kiasi gani. Mnapenda kuuliza wati, gaini hamuulizi! Ya juu ilikuwa desibeli 29, ya chini 26, kwa hiyo twita imepanda desibeli 3 na mimi nalaumu rekodi. Ziwe sawa au uzisawazishe kwenye krosova. Na twita haitaki amplifaya ya kutisha, inataka iliyotulia, kwa sababu ikishafungwa moja kwa moja ule mvumo wa "sssss" unausikia wote. Kabla ya kununua weka sikio kwenye twita mziki ukiwa haupo. Wati nyingi zipeleke kwa wufa, na kama ni ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hakikisha amplifaya inaimudu.

Sasa hii bado inaniuma. Usiku mmoja nimechoka, nikazima krosova kwanza, amplifaya ziko hewani. Tap! Nikawasha tena, upande wa kushoto trebo hakuna, nikasogeza pua nikasikia harufu ya vanishi ya koili. Twita ya aina ile kiwandani walikuwa hawaitengenezi tena, na sikuwa nimeiwekea kapasita hata moja, nilisoma mahali kwamba inachafua sauti. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 40 inaanza kukata kwenye herzi 500 hivi, mbali chini ya 2500, DC (umeme wa moja kwa moja kama wa betri) haipiti na mshtuko mwingi unaishia pale. Amplifaya huwashwa mwisho na huzimwa kwanza. Narudia, huzimwa kwanza. Ila ninyi hamsikii mpaka muisikie ile harufu, nawajua, kila mtu anataka picha ya amplifaya nne zimepangwa kwenye rafu lakini maiki ya kupimia hana.

Jamaa wa meseji nimemjibu aniambie kwanza spika zake ni omu ngapi na kama yuko tayari kuzifungua. Mpaka naandika hapa yuko kimya, naona ameshaenda dukani.