Spea ya Land Rover ya zamani: kalipa kwanza, jina la gari baadaye

Niliporithi Land Rover Series III ya marehemu baba, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nilizunguka Gerezani na Kariakoo siku mbili nzima nikitafuta sili ya oili ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na kila duka nililoingia nilianza kwa kutaja jina la gari. Jibu lilikuwa lile lile: hakuna, magari hayo yalishaacha kutengenezwa. Ni kweli, kwani Series III zilianza kutoka kiwandani mwaka 1971 na kukoma 1985. Mzee mmoja muuza beringi hakutaka hata kujua gari ni la aina gani. Aliniomba ile sili mbovu, akaifuta kwa kitambaa, akapima kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana na unene, tundu la ndani, upana wa nje na unene, kisha akapanda ngazi na kushuka na mpya. Kiboksi chake kilikuwa na picha ya trekta.

Viwanda vya magari hununua sili na beringi kutoka kwa watengenezaji wanaofuata vipimo vya kawaida, ndiyo maana spea iliyokosekana kwa jina hupatikana kwa namba. Beringi yenye namba 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, upana wa nje 52 na unene 15, iwe imetoka kwenye gari au kwenye mashine ya kusaga. Beringi za tairi za Land Rover ni za koni, nazo huwa na namba mbili, moja kwenye koni na nyingine kwenye kikombe chake. Ziandike zote kabla kutu haijazifuta. Usisahau pia kwamba hili ni gari la Kiingereza, hivyo ukipima ukapata milimita 31.75 ujue hiyo ni inchi moja na robo, wala usikubali kuuziwa ya 32 kwa maelezo kwamba tofauti ni ndogo.

Kwenye raba, hata hivyo, kipimo pekee hakitoshi, na hilo nilijifunza vibaya. Raba za silinda za breki nilizouziwa zililingana kabisa na za zamani. Siku ya nne, nikishuka Kitonga kutoka Iringa, gari lilianza kuvuta kushoto, na nilipoegesha, harufu ya breki zilizoungua ilinifikia kabla sijafungua mlango. Fundi alipovua dramu tulikuta raba zimevimba na kung'ang'ania ndani ya silinda. Zilikuwa za naitraili, aina ya raba ambayo huvumilia oili ya injini lakini huvimba ikikaa kwenye mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. Breki hizo hutaka raba ya EPDM, ambayo nayo huharibika ikiguswa na oili ya injini, kwa hiyo hata kuilainisha kwa grisi ya kawaida wakati wa kuifunga ni kosa. Uliza aina ya raba kabla ya kuuliza bei.

Silinda yenyewe ikiwa na vishimo vya kutu, usiisugue kwa msasa hadi ipanuke. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma anayeaminika, aitanue, aingize kwa kubana bomba la chuma kisichoshika kutu, kisha alikereze lirudi kwenye kipimo cha awali.

Zipo spea ambazo lazima uzitafute kwa jina, na hapo jina la Series III peke yake linaweza kukutia hasara. Viatu vya breki vya gari fupi la inchi 88 ni vya dramu ya inchi 10, ilhali vya 109 ni vya inchi 11. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilikuwa na krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inayokaa juu ya beringi tatu hadi mwaka 1980, ndipo zikawa tano, na krenki hizo haziingiliani. Nimeshuhudia krenki nzuri kabisa ikirudishwa Morogoro kwa basi, imeviringishwa kwenye gunia, kwa sababu mnunuzi na muuzaji walizungumza kwa simu bila yeyote kuhesabu.